Mtakatifu Sipriani na Wakristu Walioanguka

Katika Sala ya Ekaristi tunayoiita Kanuni ya Roma, padri hutaja majina mawili yakifuatana: Korneli na Sipriani. Majina yanayotangulia, toka Lini hata Korneli, yote ni ya Mapapa. Sipriani hakuwa Papa. Alikuwa askofu wa Kartago, mji mkubwa wa Afrika ya kaskazini, karibu na pale ulipo leo mji wa Tunis. Wanaseminari wengi wanalijua jina lake juu ya Misa, na pengine juu ya kitabu chake cha umoja wa Eklezya, ambacho mwalimu wa historia huwataka washike mwaka wake: 251. Lakini kitabu kile hakikuandikwa katika utulivu. Kiliandikwa katikati ya ugomvi, tena ugomvi wa nyumbani: mapadri na askofu wao, waliofungwa kwa imani na waliokana imani. Ugomvi huo ndio nataka kuusimulia hapa, maana ndani yake twaona namna gani mtu mmoja aliitumikia jumuiya iliyopasuka, na namna gani yeye naye alikosa.

Sipriani alikuwa mtu wa mali na elimu. Kazi yake ilikuwa kufundisha vijana ufundi wa kusema mbele ya watu na mbele ya waamuzi. Aliongoka akiwa mtu mzima, karibu na mwaka wa 246, akatoa mali yake kwa ajili ya maskini. Miaka miwili mitatu tu baada ya kubatizwa, watu walimtaka awe askofu wao. Waliizunguka nyumba yake, wakajaa milangoni asipate pa kutokea. Lakini mapadri watano hawakupendezwa. Tusiwahukumu upesi. Wewe umelitumikia altare miaka mingi, umezika watu na kubatiza watoto wao, kisha anakuja bwana mmoja aliyekuwa mpagani juzi, naye anapewa kiti. Sipriani alijaribu kuwatendea kwa upole, wala hawakuutuliza moyo. Msomaji awakumbuke hao watano, maana tutawakuta tena.

Mwisho wa mwaka wa 249 Kaisari Decius alitoa amri: wakaaji wa ufalme wote wa Roma sharti watolee miungu sadaka. Kila mtu alipaswa kwenda mbele ya wakubwa waliowekwa kwa kazi hiyo, amwage divai, aonje nyama ya sadaka, kisha apewe karatasi ya ushuhuda. Makaratasi ya namna hiyo zaidi ya 40 yamegunduliwa katika mchanga wa Misri, nayo yanafanana sana: jina la mtu, kijiji chake, maneno kwamba sikuzote amewatolea miungu sadaka na leo amefanya vile mbele ya mashahidi, halafu sahihi ya mkubwa. Sisi watu wa Kongo hatuna haja ya kufasiriwa sana nguvu ya karatasi yenye sahihi ya mkubwa. Aliye nayo hupita. Asiye nayo hukamatwa.

Huko Roma Papa Fabiano aliuawa tarehe 20 Januari 250. Huko Kartago kilitokea kitu cha aibu, na Sipriani mwenyewe amekiandika bila kukifunika. Wakristu wengi hawakungoja kukamatwa. Walikimbilia uwanja wa mji kwa miguu yao wenyewe; jioni ilipoingia na wakubwa wakachoka, wakawaambia warudi kesho, wao wakasihi wasicheleweshwe. Wengine walileta mnyama wao wa sadaka kutoka nyumbani. Wazazi walibeba watoto wachanga mikononi. Wengine tena, wenye akiba, walimpa mkubwa fedha kwa siri, wakapata karatasi pasipo kutoa sadaka yo yote. Kwa Kilatini wale wa kwanza waliitwa sacrificati, na hawa wa karatasi tupu waliitwa libellatici. Tushike tofauti hiyo, maana kesi nzima itazunguka juu yake.

Na askofu je? Askofu alijificha. Watu wa mji walikuwa wamepiga kelele wakitaka atupwe kwa simba, na serikali ikatwaa mali iliyomsalia. Yeye alisema kwamba kuwako kwake kungezidisha ghasia na kuwaletea ndugu zake hatari kubwa zaidi. Labda ni kweli. Hata hivyo wengine walikuwa gerezani, wengine walipigwa, wengine walikufa kwa njaa na kiu katika giza, naye mchungaji hakuwapo. Kutoka Roma, ambako mapadri waliongoza bila Papa, ilifika barua isiyo na sahihi, yenye maneno makali juu ya wachungaji wanaokimbia. Sipriani aliirudisha barua ileile, akawaomba watazame kama ni yao kweli, kwa kuwa mwandiko na karatasi vilimtia mashaka! Hapo ndipo tunapomwona mwalimu wa zamani wa ufasaha. Lakini baadaye aliwapelekea nakala za barua 13 alizowaandikia watu wake toka mafichoni, ili waone kama aliacha kazi au sivyo.

Barua hizo zinafaa kusomwa na kila mwanaseminari, juu ya udogo wa mambo yake. Anamwambia padri Rogatianus atumie fedha alizomwachia kwa wajane, wagonjwa na wageni wenye shida. Anaagiza kwamba watu wasiende gerezani kwa kundi kubwa, walinzi wasije wakakasirika na kufunga mlango kabisa. Padri anayekwenda kutolea Misa gerezani aende na shemasi mmoja, na wapokezane, kwa sababu sura mpya haishukiwi sana. Anaagiza waandike siku ambayo kila mfungwa amekufa, ili akumbukwe mwaka kwa mwaka. Mtu aliye mbali alijua kwamba Eklezya hushikwa kwa vitu hivyo: ndoo ya maji, jina moja kwenye orodha, zamu ya kwenda gerezani.

Sasa tufike kwenye jeraha lenyewe. Tangu zamani Wakristu waliwaheshimu sana wale walioungama imani mbele ya waamuzi, na ilikuwa desturi kwamba mfungwa anayekwenda kufa aweza kumwombea aliyeanguka, askofu naye atazame ombi hilo. Mwaka wa 250 desturi hiyo ilifurika kama mto wakati wa masika. Walioanguka walikwenda gerezani kwa wingi, wakarudi na barua za amani. Barua moja iliweza kumtaja mtu mmoja pamoja na watu wake. Na watu wake ni nani? Ndugu, watumwa, wajakazi, 20 au 30 nyuma ya jina moja. Mfungwa mmoja, Lucianus, alikuwa akitoa barua kwa jina la Paulus, shahidi aliyekwisha kufa, kwa kila aliyeomba. Mwisho waungamaji wote waliandika kwamba wamewapa amani walioanguka wote, wakamwagiza askofu awajulishe maaskofu wenzake. Na baadhi ya mapadri, ambao hawakumpenda Sipriani tangu mwanzo, waliwapokea watu hao mezani pa Bwana mara moja, pasipo malipizi, pasipo kuwekewa mikono.

Ndugu msomaji, jiweke mahali pa Sipriani. Mtu aliyekimbia atamwambia nini mtu aliyepigwa? Kila neno lake la ukali lingerudishwa kwake na swali moja: wewe ulikuwa wapi? Na kama angewakubalia, ingekuwa sawa na kusema kwamba kumkana Kristu uwanjani si kitu, karatasi moja hufuta karatasi nyingine.

Hakujibu kwa nguvu ya cheo chake tu. Alijibu kwamba wangoje. Amani itakaporudi, maaskofu, mapadri, mashemasi, waungamaji wenyewe na waamini waliosimama imara watakaa pamoja, nao watasikiliza jambo la kila mmoja. Aliwakumbusha mapadri wake kwamba tangu siku ya kwanza ya uaskofu wake alikata shauri asifanye neno kwa mawazo yake peke yake, bila wao na bila kibali cha watu. Lakini hakuwa wa jiwe. Aliye mgonjwa wa kufa, mwenye barua ya shahidi, asimngoje askofu: padri ye yote ampokee, na kama padri hapatikani, hata shemasi.

Kungoja ni neno gumu kuliko yote, na wapo waliolichukia. Palikuwa na shemasi mmoja, Felicissimus, aliyepata kazi hiyo kwa msaada wa padri Novatus, mmoja wa wapinzani wakubwa. Sipriani alipotuma maaskofu na mapadri wagawe msaada kwa wenye shida na kuwasaidia mafundi kuanza tena kazi zao, Felicissimus alizuia. Alitangaza kwamba atakayepokea fedha za askofu hatashirikiana naye tena. Basi ugomvi wa malipizi ukageuka ugomvi wa sanduku. Haishangazi. Mimi mwenyewe niliona zamani shirika moja la kijijini likigawanyika juu ya bati za kuezekea kanisa. Wakasali mahali pawili muda mrefu, na katika maneno yao yote hakuna aliyezitaja bati. Wote walimtaja Mungu.

Huyo Novatus kiisha alivuka bahari. Huko Roma, mwezi wa Machi 251, Korneli alichaguliwa kuwa Papa, na padri mwenye elimu aliyeitwa Novatianus akajifanya askofu wa kumpinga, akifundisha kwamba Eklezya isiwarudishe kabisa wale waliokana imani, hata wafanye malipizi mpaka kufa. Novatus akamfuata! Yule ambaye Kartago alitaka mlango uwe wazi kwa wote bila kugonga, huko Roma alisimama na watu waliotaka mlango ufungwe milele. Ni kweli kwamba habari zake tunazipata kwa kalamu ya Sipriani, adui yake. Lakini jambo lenyewe la kuhama upande lipo. Kwa watu wa namna hiyo mafundisho ni fimbo tu ya kumpigia fulani, na fimbo ikivunjika hutafutwa nyingine.

Sipriani alirudi baada ya Pasaka ya 251. Maaskofu wa Afrika wakakusanyika Kartago, wakasoma Maandiko pande zote mbili, yanayosamehe na yanayoonya. Hawakuchukua njia ya Felicissimus, wala ya Novatianus. Waliamua kwamba watu wasihukumiwe kwa mkupuo. Na katika barua ndefu kwa askofu mwenzake Antonianus, aliyekuwa akiyumba, Sipriani alieleza namna gani. Yupo aliyeruka kwenda altareni pa miungu mara aliposikia amri. Yupo aliyepigana sana, akaburutwa, mkono ukatenda asichokubali moyoni. Yupo aliyeisaliti nyumba yake yote, akampeleka mke na watoto na wapangaji wake. Na yupo aliyekwenda peke yake kusudi awakinge mke, watoto na watu wote wa nyumbani. Akajitia yeye katika aibu, kisha akawaficha chini ya dari lake ndugu waliofukuzwa. Je, hao wote ni sawa? Na yule wa karatasi tupu, aliyemwambia mkubwa waziwazi kwamba yeye ni Mkristu, kwamba haruhusiwi kukaribia altare ya miungu, basi apokee fedha amwache. Naye akadhani hakutenda dhambi mpaka alipofundishwa: atawekwa kundi moja na aliyecheka akila nyama ya sadaka?

Ilikatwa hivi. Wale wa karatasi wapokelewe, kila mmoja baada ya kusikilizwa. Waliotoa sadaka wafanye malipizi kwa muda mrefu, nao wasinyimwe amani saa ya kufa. Maaskofu na mapadri walioanguka wapate msamaha kama waamini wengine, lakini wasirudi kuhudumia altare. Nyuma yake, dalili za mateso mapya zilipoonekana, maaskofu 42 walikutana tena, wakawarudisha wote waliodumu katika malipizi. Sababu yao ilikuwa moja, nayo ina nguvu mpaka leo: tutamdai namna gani mtu amwage damu yake kwa ajili ya Kristu, ikiwa sisi tunamnyima Damu ya Kristu?

Wengi husimulia habari hii kana kwamba ilikwisha hapo. Sivyo. Ukishaamua katika mkutano, bado kuna Jumapili. Waamini waliosimama imara, waliopoteza ndugu na mali, walimwona fulani akirudi, mtu waliyemwona kwa macho yao uwanjani, nao walikataa. Sipriani alimwandikia Korneli kwamba inampasa kuwasihi watu wake, karibu kuwanyang'anya huo msamaha kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Na kwamba mmoja au wawili aliowapokea watu wakipinga, juu ya upole wake, walizidi kuwa wabaya kuliko mwanzo. Aliogopa kwamba yeye mwenyewe anakosa kwa kusamehe kupita kiasi. Napenda ungamo hilo kuliko kurasa zake nyingi zenye Kilatini kizuri. Kila uso uliorudishwa ulimgharimu mazungumzo mengi, na mara nyingine wakaidi ndio waliokuwa wameona sawa.

Halafu ugonjwa wa kuambukiza uliingia mjini. Shemasi Pontius, aliyeandika maisha yake, asema watu waliwakimbia jamaa zao, maiti zikalala njiani, na kila mtu akatazama faida yake. Sipriani akawakusanya Wakristu. Akawaambia kwamba kuwasaidia wenzao peke yao si jambo la ajabu. Wawasaidie na wapagani waliokuwa wakiwatesa jana. Kazi ziligawanywa kwa kadiri ya mtu: mwenye fedha alitoa fedha, maskini alitoa mikono yake. Sikuona mahali alipoandika hivyo, lakini nafikiri kwamba aliyeanguka na aliyesimama, wakishika ncha mbili za machela moja, hupatana upesi kuliko kwa hotuba. Na wakati washenzi walipowateka Wakristu wa Numidia, jumuiya ya Kartago ilikusanya sesterti 100,000 kwa kuwakomboa. Pamoja na fedha hizo Sipriani alipeleka orodha ya majina ya waliotoa, ili maaskofu wa kule wawakumbuke katika sala zao.

Sharti tuseme pia juu ya kosa lake kubwa. Wakati wa Papa Stefano lilizuka swali: mtu aliyebatizwa na wazushi, akija kwetu, abatizwe tena? Roma ilisema hapana, awekewe mikono tu. Sipriani alisema ndiyo, maana nje ya Eklezya hakuna ubatizo. Tarehe 1 Septemba 256 maaskofu 87 walikutana Kartago, wakakubaliana naye mmoja mmoja kwa sauti. Stefano alikasirika sana, na wajumbe wa Afrika hawakupokelewa vizuri Roma. Baadaye Eklezya ilifuata fundisho la Roma, hata katika Afrika, baada ya mkutano wa Arles wa mwaka 314. Basi katika neno hili Sipriani hakuona sawa. Lakini alipofungua mkutano ule wa 87 alitangaza kwamba hawatamhukumu ye yote anayewaza tofauti, wala hawatamkatia ushirika. Naye akashika neno lake. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Wadonati waliokuwa wamejitenga walipojidai kuwa wana wa Sipriani, Mtakatifu Agustino aliwajibu hasa kwa jambo hilo: mmeshika kosa lake, mkaacha umoja wake.

Stefano alikufa tarehe 2 Agosti 257, na tarehe 30 ya mwezi uleule Sipriani aliitwa mbele ya liwali. Akaulizwa majina ya mapadri wake. Akakataa kuyataja, akisema kwamba sheria za Roma zenyewe zinawakataza wachongezi. Akapelekwa uhamishoni Curubis. Mwaka uliofuata aliruhusiwa kurudi na kukaa katika bustani yake ya Kartago. Hapo alipata habari kwamba askari wanakuja kumpeleka Utica, alipokuwa liwali wakati ule, auawe kule. Sipriani akajificha tena. Lakini safari hii aliwaandikia watu wake sababu: yafaa askofu aungame katika mji ambao anaongoza Eklezya yake, mbele ya watu wake. Liwali aliporudi Kartago, Sipriani naye akarudi bustanini mwake, akakaa kungoja.

Walimchukua tarehe 13 Septemba 258. Usiku ule alilala nyumbani kwa askari mkubwa, na Wakristu wakakesha barabarani mbele ya mlango. Yeye akatuma neno kwamba wasichana walio katika umati walindwe vema. Kesho yake liwali Galerius Maximus akatoa hukumu ya upanga. Umati ukamfuata mpaka shamba la Sextus, wengine wakapanda miti wapate kuona. Akavua joho lake akapiga magoti, akasali, akawapa mashemasi vazi lake la pili, akaagiza mwuaji apewe dinari 25 za dhahabu. Ndugu wakatandaza vitambaa mbele yake. Alijifunga macho mwenyewe, lakini hakuweza kujifunga mikono. Wakamfunga padri Julianus na shemasi mdogo, naye Julianus.

Mwili uliwekwa karibu na pale, kwa kuwa wapagani walitaka kuutazama. Usiku Wakristu wakauchukua kwa mishumaa na mienge, wakaupeleka kwenye kiwanja cha Macrobius Candidianus, kando ya njia ya Mappalia, wakauzika kwa sala na kwa shangwe kubwa.